Betri kubwa ya gridi pale Zuzu: ingetusaidia nini hasa sisi wa Dodoma na kanda ya kati?

Njia_Kuu400 (mleta uzi):

Wakuu, habari za muda huu.

Kuna picha inazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp, makontena meupe yamepangwa uwanjani, chini pameandikwa "Betri ya megawati 100, hii ikija Dodoma kukatika kwa umeme basi". Picha hiyo ni ya Hornsdale, Australia Kusini, na haina uhusiano wowote na Dodoma. Kilichonisukuma kuleta uzi ni maoni ya watu chini ya picha. Wengi wanaiongelea betri ya gridi, yaani betri kubwa inayounganishwa na njia kuu za umeme wa taifa, kana kwamba ni kituo kingine cha kuzalisha umeme. Betri haizalishi hata uniti moja. Ukiijaza uniti 100 inakurudishia kama 85, zilizobaki zinaishia kwenye inveta (vifaa vinavyogeuza umeme wa betri uendane na wa gridi), kwenye transfoma na kwenye viyoyozi vya kupooza betri zenyewe.

Msimamo wangu nautoa mapema ili tubishane vizuri: kanda hii ina kazi ya kumpa betri kubwa, ila siyo kazi inayotangazwa. Mgao unatokana na upungufu wa uzalishaji, na hakuna betri inayoziba upungufu wa wiki nzima. Sisi tungeihitaji, tuseme pale kituo kikuu cha umeme cha Zuzu hapa Dodoma, kwa mambo mawili. La kwanza ni zile sekunde chache mtambo mkubwa unapotoka ghafla. La pili ni volteji ya njia ndefu.

Tuanze na sekunde. Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji lina mitambo 9, kila mmoja MW 235, jumla MW 2,115. Mtambo mmoja ukitripu, yaani ukijizima ghafla, gridi inapoteza MW 235 kwa mkupuo. Ikiwa ni usiku wa manane, matumizi ya nchi yakiwa chini, hilo ni pengo kubwa mno. Mashine zote zilizounganishwa kwenye gridi, kuanzia Mtera, Kidatu na Kihansi mpaka za gesi za Kinyerezi na Ubungo, zinakwenda kwa frikwensi moja, yaani mapigo ya umeme kwa sekunde, hezi 50. Mzigo ukibaki uleule na umeme ukapungua, zote zinaanza kupoteza mwendo kwa pamoja. Frikwensi ikishuka mpaka kiwango kilichopangwa, relei (swichi zinazojikata zenyewe) zinaanza kukata maeneo, moja baada ya jingine, ili gridi ipone. Isipopona, mitambo iliyobaki inajitoa yenyewe isije ikaharibika, na hapo nchi nzima inakuwa giza. Mnaikumbuka Jumatatu ya Pasaka, 1 Aprili 2024, gridi ilipoanguka. Sisemi chanzo cha siku ile kilikuwa hiki, nasema gridi ikianguka huwa inaanguka kwa hatua za namna hii.

Sasa watu wanasema maji ni ya haraka. Ni ya haraka ukilinganisha na boila. Lakini gavana, kifaa kinachorekebisha mwendo wa mtambo, inapofungua milango ya tabaini, maji yaliyojaa kwenye bomba bado hayajapata kasi. Presha inashuka kwanza, na kwa muda mfupi nguvu ya mtambo INAPUNGUA kabla ya kupanda. Waliokaa chumba cha udhibiti wanalijua hilo. Betri haina maji wala shafti. Inveta inaona frikwensi inashuka, inasukuma nguvu yake ndani ya sehemu ya sekunde, halafu mitambo ya maji inakuja nyuma yake na kubeba mzigo.

Hao hao Hornsdale ndio mfano. Australia Kusini ilizimika jimbo zima tarehe 28 Septemba 2016, dhoruba ikiwa imeangusha minara ya umeme. Betri ikakamilika mwishoni mwa 2017, MW 100 na MWh 129. Tarehe 14 Desemba mwaka huohuo mtambo wa makaa wa Loy Yang, jimbo la Victoria, ulitoka ukiwa na MW 560. Betri ikajibu papo hapo kutoka jimbo jingine. Ilitoa megawati chache tu, ila ilizitoa wakati zinahitajika.

Karibuni.


Mpwapwa_Juu:

Uzi umeshiba mkuu. Ila hapo kwenye MW 100 na MWh 129 umenipoteza. Ni 100 au ni 129?


Njia_Kuu400:

Zote mbili mkuu, na ukitajiwa moja tu ujue umepewa nusu ya habari. Chukulia simtanki la nyumbani. MWh ni lita zilizomo, MW ni unene wa bomba la kutokea. Hornsdale ya mwanzo ukiifungulia bomba lote inaisha baada ya saa moja na robo hivi. Baadaye waliiongeza ikafika MW 150.

Kwa hesabu ya LUKU, MWh 1 ni uniti 1,000.

Ukishajua hilo, angalia za hapa Afrika. Golomoti kule Malawi, sola ya MW 20, ina betri ya MW 5 na MWh 10, yaani saa mbili. Eskom wa Afrika Kusini walizindua Hex karibu na Worcester mwaka 2023, MW 20 na MWh 100, hiyo ni saa tano. Kenhardt, jimbo la Northern Cape, wana sola ya MW 540 pamoja na betri ya MW 225 na MWh 1,140. Wamejifunga kupeleka MW 150 kuanzia saa 11 alfajiri mpaka saa 3 na nusu usiku. Kila moja imepimwa kwa kazi yake. Anayekwambia "betri ya megawati 100" bila saa, mwulize itatoa mpaka lini. Akibabaika, achana naye.


Bishoo_wa_Makole:

Mimi napinga. Tumemwaga matrilioni pale Rufiji, bwawa limejaa, halafu mnaanza habari za betri za Wachina. BWAWA NDIYO BETRI. Unafunga milango maji yanakaa, unafungua umeme unatoka. Tatizo lenu wasomi kila kitu mnataka cha kisasa.


Njia_Kuu400:

Mkuu Bishoo, umepinga ila umeniunga mkono. Kwa kuhifadhi umeme wa masaa na miezi, bwawa halina mpinzani. Lile la Nyerere linabeba zaidi ya mita za ujazo bilioni 30. Kutoa MW 235 kwa saa mbili kwa betri unahitaji MWh 470, kiasi ambacho bwawa lile halitalihisi.

Hata sisi wa huku tumelijua hilo zamani. Mtera, tunakokula perege wake, ilijengwa kwanza kama ghala la maji ya Kidatu. Bwawa lilikuwa tayari mwanzoni mwa miaka ya 1980, na mitambo yake ya MW 80 ikaja 1988. Kwa miaka ile ya katikati Mtera ilikuwa inatunza maji ya masika ili Kidatu izungushe mashine kiangazi. Hiyo ni hifadhi ya umeme, hata kama hakuna aliyeiita hivyo.

Ndiyo maana nasema tusinunue betri ya saa nane kwa ajili ya Dodoma. Tungekuwa tunalipia kitu ambacho maji yanakifanya bure. Betri ya saa moja au mbili yenye bomba nene, hiyo inafanya kile ambacho maji hayawezi, kuwahi.


Singida_Upepo:

Na sola je? Kishapu pale Shinyanga wanajenga MW 150 kwa awamu, ya kwanza MW 50. Upepo wa Singida tumeimbiwa tangu nikiwa sekondari, sasa nina watoto. Hivi vikiingia betri si itakuwa lazima?


Njia_Kuu400:

Ndugu yangu wa Singida pole kwa wimbo huo, na sisi tumeusikia.

MW 50 ndani ya gridi yenye mabwawa mengi hazisumbui. Jua likitoa unabana maji, likizama unaachia. Tena inapendeza, kwa sababu maji uliyoyabana mchana unayatumia saa 1 mpaka saa 4 usiku watu wakiwa wamewasha kila kitu. Wingu likipita juu ya paneli zote kwa pamoja ndipo betri ndogo palepale kituoni inafaa, ilainishe mteremko. Sola na upepo zikifika mamia ya megawati upande huu wa Singida na Shinyanga hesabu inabadilika, na hapo nitakuwa wa kwanza kusema tuongeze saa.


Kaka_wa_Ihumwa:

Mtaalamu, mbona unasahau kwamba tumeshaungana na Kenya? Njia ya kilovoti 400 Singida, Arusha mpaka Namanga imewashwa Desemba 2024. Gridi ikitetemeka Kenya anatushika mkono. Betri ya nini?


Njia_Kuu400:

Hoja nzito hii, na kusema kweli ndiyo inayonipa shida kuliko zote humu.

Kuungana kunasaidia sana. Gridi mbili zikienda pamoja, mtambo mmoja ukitoka, pengo linagawanywa kwa wengi na frikwensi inashuka taratibu. Ila msaada wote wa kutoka kaskazini unapita kwenye hiyo njia moja. Ikitripu wakati tunaitegemea, tumepoteza msaada na tumeongezewa pengo. Na balaa la jirani nalo linapita njia hiyohiyo kuja kwetu. Wengine wanasema Ethiopia yuko nyuma ya Kenya na ana maji tele. Ni kweli, lakini ile njia ya Ethiopia kwenda Kenya ni ya mkondo mnyoofu, DC. Inapitisha umeme uliopangwa, haishirikishi mwendo wa mashine zake moja kwa moja.

Sasa nije kwenye jambo la pili nililosema, volteji, maana hapa ndipo Zuzu inapoingia. Kituo cha Zuzu, magharibi mwa mji wetu, kiko katikati ya njia ya Iringa, Dodoma, Singida, Shinyanga, kilomita 670 kwa jumla. Kutokea Singida ndipo njia ya Kenya inapochomoka. Njia ya Chalinze kuja Dodoma nayo, kilomita kama 345, ni ya kuleta umeme wa Rufiji huku bila kuzungukia Morogoro na Iringa. Yaani Zuzu ni njia panda.

Njia ndefu ina tabia zake. Usiku mzigo ukiwa mdogo, volteji inapanda upande wa mwisho kuliko hata ilipoanzia, na inabidi reakta ziingizwe kuinyonya. Jioni mzigo ukiwa mkubwa inashuka. Inveta za betri zinaweza kunyonya au kusukuma nguvu ya kurekebisha volteji mchana na usiku, hata kama betri yenyewe haina chaji. Watu wanahesabu faida ya betri kwa uniti zinazoingia na kutoka, hii ya volteji wanaisahau kabisa, wakati kwa mahali kama Zuzu inaweza kuwa nusu ya sababu ya kuijenga.

Treni ya SGR nayo inafika hapa tangu Julai 2024, na waya wake ni wa kilovoti 25. Treni ikiondoka kituoni inavuta umeme mwingi kwa muda mfupi, halafu inatulia. Mzigo wa namna hiyo unapenda gridi yenye mgongo mgumu.


Mama_Unga_Kibaigwa:

Wanangu shikamooni kwa elimu, hahaha. Mimi nina mashine ya kusaga huku Kibaigwa. Jioni umeme unakuwa mdogo, mota inaunguruma badala ya kuzunguka, mkanda unateleza, wateja wanatazama tu. Nimeshasuka koili za mota hiyo zaidi ya mara moja. Hiyo betri ya Zuzu itanifikia?


Njia_Kuu400:

Shikamoo mama. Nikwambie ukweli, haitakufikia.

Betri ya Zuzu inarekebisha volteji ya kilovoti 400 na 220. Wewe uko mwisho wa njia ya kilovoti 33, halafu kuna transfoma ya mtaa, halafu nyaya mpaka mashineni. Umeme mdogo wa jioni mara nyingi unaanzia huko, transfoma imezidiwa au nyaya ni ndefu na nyembamba. Dawa yake ni transfoma ya pili, au kugawa mzigo upya, maana mara nyingine fezi moja imebebeshwa nyumba nyingi kuliko nyingine.

Kuna nchi wanaweka betri ndogo, saizi ya kontena moja, kwenye njia ndefu za vijijini kwa shida kama yako. Hilo ningelipenda kuliko hata la Zuzu.

Kwa leo mwambie fundi akufungie relei ya kulinda mota, ile inayokata fezi moja ikikosekana au volteji ikishuka kupita kiasi. Bei yake ni ndogo kuliko ya kusuka mota. Na ukisikia inaunguruma bila kuzunguka, zima hapohapo usisubiri ichangamke.


Mama_Unga_Kibaigwa:

Marahaba mwanangu. Kesho namwita.


Nkuhungu_Mzawa:

Mimi naogopa moto. Video za Marekani tumeziona, moshi mweusi watu wanahamishwa. Zuzu kuna watu wanaishi pale. Nani atauzima, gari la zimamoto lenye maji ya dakika kumi?


Njia_Kuu400:

Unasema Moss Landing, California, 16 Januari 2025. Zaidi ya watu 1,000 waliambiwa waondoke majumbani. Woga wako una msingi, lakini angalia kilichoungua. Betri zilikuwa zimejazwa ndani ya jengo kubwa lililokuwa la mitambo ya zamani, na zilikuwa za aina yenye nikeli. Zikianza kuchemka, moja inampa jirani yake moto, na ndani ya jengo hakuna pa kukimbilia.

Nyingi zinazojengwa sasa ni za fosfati ya chuma, zinavumilia joto zaidi kabla ya kulipuka, na zinakaa nje kwenye makontena yaliyoachiana nafasi. Haina maana haziungui. Victoria, Australia, Julai 2021, makontena mawili yaliungua wakati wa majaribio, moto ukaendelea siku kadhaa. Mengine yalibaki salama. Zimamoto hawakupoteza muda kumwagia lile linaloungua, walilinda ya jirani. Hiyo ndiyo mbinu. Kwa hiyo swali la Zuzu ni nafasi kati ya kontena na kontena, umbali mpaka nyumba ya kwanza, upepo wetu wa mashariki unapeleka moshi wapi, na maji ya kupooza yako wapi. Haya yaulizwe kabla ya zege kumwagwa.


Zabibu_Kavu:

Tuje kwenye hela. Tusipige siasa.


Njia_Kuu400:

BloombergNEF wanaofuatilia bei walipata wastani wa dola 115 kwa kila uniti ya uwezo wa pakiti mwaka 2024. Mwaka 2010 ilikuwa zaidi ya dola 1,000. Hiyo ni pakiti tupu. Kuna inveta, transfoma, msingi, zimamoto, usafirishaji kutoka bandarini. Tukadirie kwa kidole dola 200 kila kitu ndani. Betri ya MW 50 ya saa mbili ni uniti 100,000, inakuja dola milioni 20.

Shida ya Tanzania ni nani analipa. Kwingine mwenye betri ananunua umeme wa bei chee usiku, anauza ghali jioni. Kwetu LUKU ya nyumbani haina bei ya usiku na ya jioni, na maji hayabadiliki bei saa kwa saa. Mwekezaji binafsi akija na hesabu hiyo atafunga biashara. Lazima alipwe kwa kusubiri, yaani alipwe kwa kuwa tayari hata siku ambayo hakuna kilichotripu. Mkataba wa namna hiyo EWURA, wasimamizi wa nishati na maji, wangepaswa kuuweka sawa kwanza, na ofisi zao ziko hapahapa mjini.

Mwenye kiwanda ana hesabu tofauti. Wateja wa T2 na T3, yaani wateja wakubwa wa TANESCO, wanalipia pia kilele cha kVA cha mwezi, ule mzigo mkubwa kuliko wote waliovuta mwezi huo. Betri ya kiwandani ikishusha kilele hicho, bili inashuka mwezi huohuo. Zabibu, kama una chumba cha baridi, anzia hapo usisubiri serikali.


Zabibu_Kavu:

Sawa sawa. Umenigusa pabaya, kVA inanimaliza msimu wa mavuno.


Bishoo_wa_Makole:

Na betri zenyewe tunanunua nje wakati kinywe (grafiti) kimejaa Mahenge na nikeli iko Kabanga. Tunauza mchanga tunanunua kontena.


Njia_Kuu400:

Kinywe kweli kinaingia kwenye kila betri ya lithiamu, upande hasi. Lakini kutoka kwenye mwamba mpaka kufaa kwa betri kuna kukisafisha na kukifinyanga kwenye punje ndogo za mviringo, na sehemu kubwa ya kazi hiyo inafanyika China. Hiyo ni mada ya uzi mwingine na nitachangia. Ila nikeli usiitegemee kwa betri za gridi, nimesema hapo juu soko limehamia fosfati ya chuma, ambayo haitumii nikeli hata chembe.


Mpwapwa_Juu:

Joto la huku na vumbi la Oktoba betri zitadumu kweli?


Njia_Kuu400:

Vumbi ndilo linanitisha kuliko joto. Seli zinapenda nyuzijoto kati ya 20 na 30, kwa hiyo kontena linapoozwa muda wote, mengi kwa kimiminika kinachozunguka. Radieta zikijaa vumbi jekundu, upoozaji unalegea, na betri inajipunguzia nguvu kujilinda. Utaambiwa ni ya MW 50 na mchana wa Novemba unapata 40.

Jambo jingine halisemwi: Dodoma iko kama mita 1,120 juu ya usawa wa bahari. Baadhi ya inveta zimepimwa mpaka mita 1,000, ukizidi hapo hewa ni nyepesi na zinapunguziwa uwezo kidogo. Kwenye zabuni iandikwe megawati zipimwe Zuzu, kwa joto la Zuzu, baada ya miaka kumi. Betri inachakaa kila inapojazwa na kutolewa, megawati za kwenye karatasi ya kiwandani hazitusaidii.


Dogo_wa_Umeme:

Shikamoo mkuu. Niko chuo hapa Dodoma mwaka wa tatu. Nataka projekti ya mwisho iwe kwenye hii mada. Nianzie wapi?


Njia_Kuu400:

Marahaba dogo. Usifanye projekti ya "faida na hasara za betri", zimejaa.

Chukua gridi ndogo ya mfano kwenye kompyuta: mtambo mmoja wa maji wenye gavana na bomba lake, mzigo mmoja, betri moja. Toa sehemu ya uzalishaji ghafla, chora frikwensi. Rudia ukibadilisha MW ya betri, kisha ukibadilisha kasi ya kujibu. Halafu linganisha inveta ya kawaida, inayofuata gridi, na ile inayojenga gridi yenyewe. Ya kwanza inahitaji gridi iwepo ndipo ifanye kazi, ya pili inaweza kuanza kwenye giza na kuamsha mitambo mingine. Kama betri ya Zuzu itakuwa ya aina ya kwanza, siku gridi ikianguka yote, itakuwa imezimika pamoja nasi. Hapo una sura ya tatu na ya nne tayari. Nitumie inbox ukikwama kwenye modeli ya gavana, wengi wanakosea muda wa maji kwenye bomba.